Habari Baada ya Kahawa

Kazi ya kusimamia dahalia haifundishwi mahali popote, na naona ni kheri hivyo, maana ingefundishwa wangeiwekea mtihani na mimi ningeanguka. Mmeniomba, nyinyi mnaoishika sasa, niandike namna nilivyoifanya. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu changu cha kusema kinatosha, lakini cha kuandika kinawachekesha hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wale ambao mama zenu walizaliwa Unguja, wasomeeni wenzenu, na msiongeze yenu.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Maahadi yetu, chuo hiki cha dini hapa Ibra, bara ya Maskati, yalikuwa bado mapya, rangi ya kuta inanuka. Wasichana walikuja kusoma dini ili warudi kwao wawasomeshe wanawake wenzao, na wale waliotoka mbali, Sur, Jalan Bani Bu Ali, Wadi Bani Khalid, walilala kwetu na kwenda makwao mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa mjane, mtoto wa Malindi, Unguja, niliyeletwa Ibra na ndoa na nikabaki kwa sababu nilishaizowea. Mudira, mkuu wa chuo, aliniuliza kama naweza kukaa na wasichana wengi bila kupandisha sauti. Nikasema naweza. Aliniamini, Mungu amlipe.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Ummu Said. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi mkubwa, mwanamke wa Ibra wa asili, mfupi, mkavu, barakoa yake nyeusi haikumzuia mtu kujua kama amekasirika. Alinikalisha mkekani, akanipa tende, akanimiminia kahawa. Nikanywa. Akanimiminia tena, nikanywa. Kwetu kikombe ukikikataa unamvunja mtu moyo, kwa hiyo kila akimimina nilikunywa, na kila nikinywa alimimina. Nilianza kutoka jasho. Yeye alikuwa ametulia, mdila wa kahawa mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, kama mtu anayemwagia mtende maji. Mwishowe akaniuliza, "Ewe Asya, umetosheka au tupike mdila mwengine?" Ndipo nilipojua kwamba hapa mgeni akitosheka hukitikisa kikombe, na asipokitikisa mwenyeji haachi. Nikakitikisa. Akacheka mpaka barakoa ikapanda juu, na tangu siku hiyo nikawa mtu wake.

Mengi ya kazi niliyajua kwa kumtazama yeye. Funguo zifungwe kwa kamba ya rangi, si kwa namba, maana namba husahaulika. Msichana anayesema anaumwa tumbo asubuhi ya mtihani apewe maji ya hiliki na aaminiwe mara moja. Mpishi wetu, mzee wa Kihindi wa Malbari, asiambiwe chumvi imezidi mbele ya watu. Aulizwe tu leo kanunua chumvi dukani kwa nani. Haya mtayaona madogo, lakini ndiyo yaliyotuwezesha kuishi pamoja.

Na lilikuwako lile ambalo hasa nataka kulieleza, kikao cha habari. Kila siku baada ya sala ya alasiri tulitandika mikeka ukumbini, karibu na mlango wa jiko. Kahawa na tende zilipita kwanza. Kisha kila msichana mwenye habari ya kwao aliitoa, na mmoja wao, aliyechaguliwa kwa sauti yake, alizisoma zote kwa utaratibu, na baadaye karatasi ikabandikwa ukutani kwa waliokosa. Falaji ya kijiji fulani, ule mfereji wa kumwagilia mitende, imezibwa na mawe, wanaume wanaizibua. Kaka yake mtu kanunua pikapu. Wiki ya pili, ile pikapu imeingia wadini, bonde la maji ya mvua, na mbuzi wawili ndani, wote salama. Nani kahifadhi sura mpya, nani kapoteza kiatu cha kushoto. Wakati mmoja tulipewa kipaza sauti, kikaharibika, kikapelekwa Nizwa, kikatengenezwa na fundi wa Firq, kikarudi kikisema kwa sauti ya bati hata Ayatul Kursiyyu ikawa kama tangazo la stendi. Ummu Said alikizungushia kanga akakiweka kabatini. Mpaka leo kimo.

Sheria zake za habari zilikuwa chache. Mchumba wa mtu hatajwi. Ugonjwa hautajwi mpaka mgonjwa apone. Na msiba haubandikwi ukutani kabisa. Hupelekwa kwa mkono, nawe ukakaa karibu na mfiwa, akala tende, akanywa kahawa, ndipo akaambiwa. "Mtu akikuuliza habari mlangoni," alinifundisha, "mwambie hakuna ila kheri, hata kama umebeba habari ya kifo. Acha akae kitako kwanza. Hapewi mtu habari naye yu wima." Mwanzo niliona ni kuzungushana. Baadaye nikaona ni huruma.

Nasra alikuja mwaka wangu wa tatu. Alitoka Wadi Bani Khalid, mwembamba, mwenye haya ya kupita kiasi, mpaka siku ile msomaji wa habari alipoumwa koo na yeye akasukumwa mbele. Alikuwa na sauti ya kumfanya mtu aache kutafuna. Tangu hapo hapakuwa na msomaji mwengine. Mama yake alikufa akimzaa, baba yake alikuwa kazini kusini na akionekana sikukuu kwa sikukuu, na aliyemlea ni bibi yake, Bi Shekha. Kijijini kwao hapakuwa na mwanamke aliyesoma wa kuwasomesha wanawake. Walikuwa wakisubiri nyuma ya pazia wapate mabaki ya darsa ya wanaume. Nasra alitaka awe yeye. Hakuwa akilisema jambo hilo sana, lakini kila mwalimu alilijua.

Asubuhi moja ya Jumatano, Ummu Said yuko soko la wanawake, bawabu akaniambia pana bibi mlangoni. Alikuwa ameletwa na pikapu ya jirani. Alitembea akipapasa ukuta kwa fimbo, na aliponisikia namkaribisha kwa Kiarabu changu, alisimama.

"Wewe mtu wa Unguja," akasema kwa Kiswahili.

"Naam. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimekaa Mkokotoni mpaka tulipotolewa na mapinduzi. Marehemu mume wangu alikuwa na duka. Kiswahili changu kimeota kutu."

Hakikuwa na kutu hata chembe. Nilifurahi, nikasahau kama niko Ibra. Nilimkalisha chumba cha wageni, tukaulizana majina ya watu wa zamani, nani yu hai, nani kafa. Alikuwa Bi Shekha, bibi yake Nasra. Nikamimina kahawa nikamtia kikombe mkononi. Akakishika kidogo, kisha akainama akakiweka chini juu ya mkeka.

"Mwanangu," akasema, "kahawa yako siionji mpaka unipe haja yangu."

"Kunywa, mama yangu," nikamjibu. "Haja yako ishapatikana."

Nieleweni. Kwetu Malindi mgeni huambiwa hivyo. Huambiwa pia nyumba hii ni yako, na sijasikia mtu aliyeichukua nyumba. Nilidhani anamtakia Nasra ruhusa ya kwenda harusini, ya siku mbili tatu. Yeye aliposikia jibu langu alishusha pumzi, akakiokota kikombe, akanywa, akakitikisa, kushoto na kulia.

"Mungu akuweke. Basi nimemjia Nasra. Nimekuja kumchukua moja kwa moja. Mwambie afunge vitu vyake."

Nilijaribu kumwambia asubiri Mudira, asubiri mwaka umalizike. Alinisikiliza kwa adabu, uso wake umeelekea pembeni kidogo ya mahali nilipokaa. Macho yake yalikuwa yanaishiwa nuru, na ndiyo sababu ya kumtaka Nasra. Akasema, "Ningekuwa nimekuja kuomba, ningebembeleza. Lakini umeshanipa."

Nilimkuta Nasra anakunja nguo zilizokauka. Nikamwambia bibi yake yuko.

"Abla," akaniita, kama wanavyomwita mwalimu wa kike, "alikiweka chini kikombe?"

"Alikiweka."

"Na wewe ukamwambia anywe."

Alinitazama bila ya hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, kisha akakunja godoro lake. Mbele ya bibi yake hakulia. Alimshika mkono akampandisha garini, akakaa nyuma na sanduku lake, na wakaenda.

Ummu Said alirudi kutoka sokoni na mafungu ya ubani na kitambaa. Nilimsimulia tangu mlangoni mpaka mwisho. Akakaa kitako.

"Huko kwenu watu wanatoa bila ya kuuliza kinachotakiwa?"

"Kwetu ni adabu, Ummu Said."

"Huku ni ahadi. Mgeni akiweka kikombe, unamuuliza, haja gani? Ikiwa unaweza, unasema kunywa. Ikiwa huwezi, unamwambia, na anakwenda zake na kiu. Wewe umesema kunywa, na umelisema chini ya paa la maahadi. Mudira mwenyewe hawezi kulirudisha neno hilo."

Mudira hakuweza kweli. Alasiri ile habari zilisomwa na msichana mwengine, haraka haraka, na hakuna aliyetoa habari ya Nasra, kwa sababu wote walikuwa nayo. Karatasi ilibaki na nafasi tupu chini. Nilitaka kulia, na nililia, jikoni, na mpishi akajifanya anatafuta kisu.

Ummu Said hakulia. Alikaa akifikiri siku ile nzima, na ya pili yake akaniambia, "Ijumaa tunakwenda Wadi Bani Khalid. Kunywa maji mengi kabla hatujatoka, maana huko hutakunywa kitu."

Mwanawe Said alituendesha. Njia ya wadi ile wakati huo ilikuwa ya kutikisa meno, na Ummu Said alisoma nyiradi mpaka tulipoona mitende na maji ya kijani ya bondeni. Nyumba ya Bi Shekha ilikuwa juu ya falaji, unasikia maji yakipita chini ya dirisha. Said alibaki nje na wanaume. Sisi tuliingia, tukaulizwa habari, tukajibu hakuna ila kheri, na wao wakajibu hivyo hivyo, ingawa kila mmoja katika chumba kile alijua pana habari. Nasra alileta tende. Alileta mdila. Alimmiminia Ummu Said, kisha mimi, na hakuinua macho.

Ummu Said aliweka kikombe chake juu ya sinia. Nami nikaweka changu.

Bi Shekha hakuviona vikombe, lakini alivisikia vikigusa bati. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Semeni kwanza," akasema kwa Kiarabu. Halafu akanigeukia kwa Kiswahili, "Mimi si mtu wa Malindi."

Ummu Said akasema haja yetu, kwamba tunamtaka Nasra arudi amalize, na akimaliza arudi hapa hapa wadini awasomeshe wanawake wa kijiji hiki. Alisema vizuri, maneno machache. Nasra alibaki wima na mdila mkononi, kwa sababu mmiminaji hakai wageni hawajamaliza.

"Na mimi?" akauliza Bi Shekha. "Msidhani nimemchukua aje anipikie. Kupika napapasa naweza. Kiza pia sikiogopi. Lakini watu wanapita mlangoni sijui nani kapita. Watu wanaacha kuingia kwa kipofu, wanaona wanamsumbua. Harusi inapigwa pale, mimi naijua kwa ngoma tu. Huyu mtoto ndiye anayeniletea ya watu. Akiondoka, nitakaa hapa hai na sijui ya dunia."

Nilijibu mimi, kabla sijafikiri, kama kawaida yangu. "Njoo nawe, mama. Njoo Ibra. Kwa Ummu Said pana chumba, kinaelekea lango la maahadi. Kila alasiri tunakaa kwa habari, na wewe utakaa nasi. Habari za mkoa wetu mzima wa Sharqiya zinafika pale."

Ummu Said akanigeukia polepole. Nilikuwa nimetoa chumba cha mtu mbele ya mtu mwenyewe. Kile chumba alikuwa anawekea tende zake na mashine ya kushonea. Nilimwona anavuta pumzi, na nikajua kwamba ama nitapoteza rafiki au nitapata bibi.

"Chumba kipo," akasema Ummu Said. "Kitataka kufagiliwa."

Bi Shekha aliuliza mambo mengi. Kodi hakuna, akaambiwa. Msaada hataki, akasema. Basi utawafundisha hawa wasichana kumimina, akasema Ummu Said, maana wengine wanashika mdila kama birika la chooni. Bi Shekha akauliza mbuzi wake atakuwaje. Maji ya falaji yalisikika vizuri sana.

"Nasra," Bi Shekha akasema mwisho wake, "wabadilishie wageni kahawa. Hiyo imepoa."

Nasra alivimwaga vikombe, akamimina upya kwa haraka mpaka matone yakaanguka kwenye sinia, jambo ambalo siku nyengine lingemletea maneno. Tulikunywa. Sijapata kunywa kahawa tamu kama ile, na haikuwa na sukari.

Walihamia baada ya wiki moja. Mbuzi alikuja vilevile; hilo sikuliahidi mimi.

Tangu hapo kikao cha habari kilipata mwenyewe. Bi Shekha alikaa mahali pake karibu na mlango wa jiko, ameegemea mto, na Nasra akasoma. Sisi tulikuwa tukiridhika na habari ikishasomwa. Yeye hakuridhika. Aliuliza, "Na ile falaji, imezibuka?" "Na yule aliyepoteza kiatu cha kushoto?" Aliiulizia ile pikapu mpaka ikauzwa, na baada ya kuuzwa akamuulizia aliyeinunua. Wasichana walianza kufuatilia ili wasione haya mbele yake, na nyinyi mkitaka ushauri mmoja tu wa kazi kutoka kwangu, chukueni huo. Msitoe habari mkaiacha njiani. Watoto wanaona kama unauliza mara moja au unauliza tena.

Alipozimika kabisa macho, alikuwa anawajua wasichana wote kwa nyayo. Wengine walioshindwa kuniambia mimi mambo yao walimwambia yeye. Ummu Said aliyekuwa akimlalamikia mbuzi kila siku, siku mbuzi alipozaa aliamrisha habari hiyo isomwe ya mwanzo.

Nasra alimaliza, akarudi wadini na bibi yake, na wanawake wa kijiji wakatoka nyuma ya pazia. Walimpa chumba cha kusomeshea karibu na msikiti. Ummu Said alistaafu, nikashika mahali pake. Kisha zikaja simu za mkononi, na habari za wasichana zikawa zinawafikia mfukoni hata kabla ya kahawa kuchemka. Kikao kilipungua watu. Baadhi ya walimu walisema tukiache. Nilikataa, nikaendelea kutandika mikeka, siku nyengine kwa watu sita.

Adhuhuri moja bawabu akaniambia Nasra yuko mlangoni. Peke yake, kutoka Wadi Bani Khalid. Nikamuuliza habari. Akasema hakuna ila kheri. Mikono yangu ilijua kabla yangu, kwa sababu nilitia hiliki mara mbili. Tulikaa. Akala tende moja, akanywa, akakitikisa kikombe kushoto na kulia. Kisha akanishika mkono akanambia kwamba bibi amefariki jana, baada ya alasiri, na kwamba kabla ya kufa alimuuliza habari zetu.

Simu yake ilikuwa kwenye mkoba, naiona. Angeweza kunipigia. Alikuja njia yote ile ili niambiwe nimekaa.

Sasa nimestaafu nami. Aliyeshika mahali pangu ni Nasra, mnamjua, ndiye bosi wenu; darsa ya kijijini kwao amewaachia wanafunzi wake. Siku ya kumkabidhi funguo, zile za kamba za rangi, nilikuwa nimeshajiandaa kukaa nyumbani. Watoto wangu wako Maskati na kazi zao. Nilijiambia nitapumzika, na sikumwambia mtu kwamba nyumba inanitisha. Alasiri haina la kufanywa kule ila kuisikiliza saa ya ukutani.

Nilimmiminia Nasra kahawa. Akakipokea kikombe, akainama, akakiweka chini juu ya mkeka.

Nilitaka kucheka. "Sema kwanza," nikamwambia. "Nimeshafundishwa."

"Mahali pa bibi pale mlangoni pa jiko, hakuna aliyepakalia. Nataka uje kila alasiri ukae pale. Usikae nyumbani hujui ya watu."

Safari hii nilikuwa najua ninachoombwa, na nilijua ninachoahidi.

"Kunywa, mwanangu," nikamwambia. "Haja yako ishapatikana."